Vipuri kutoka Ng'ambo ya Ziwa

Saa yangu ya kwanza ya kuiga nilipewa na mgonjwa aliyepona. Mimi ni mtu wa labo. Kazi yangu katika hospitali moja ya Kalemie ni kuangalia damu na makohozi ya watu kwa darubini, na wagonjwa kwa kawaida hawaijui sura yangu. Lakini mzee huyo, mfanyabiashara wa nguo, alitaka kumshukuru kila mtu, hata sisi tunaokaa nyuma ya mlango uliofungwa. Akaniwekea mkononi saa nzito ya rangi ya dhahabu, yenye duara la kijani kuzunguka kioo na jina la kampuni kubwa ya Ulaya usoni.

"Njo kopi, docta," aliniambia bila haya, akimaanisha ndiyo kopi. "Lakini kopi muzuri."

Mimi si daktari, na niliijua kuwa kopi kabla hajasema. Niliipenda hivyohivyo. Mke wangu alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla, hatukujaliwa mtoto, na nyumbani tulibaki wawili, mimi na baba yangu, Papa, mzee wa reli aliyestaafu ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Hapakuwa na kitu kipya ndani ya nyumba ile tangu msiba. Ile saa ilikuwa kitu kipya.

Masika ya kwanza yakaingiza maji ndani yake. Kioo kikaota ukungu, mshale wa sekunde ukasita, kisha ukagoma kabisa. Niliipeleka sokoni kwa fundi wa saa, akaigeuza mara moja tu.

"Papa, hii haitengenezwake. Hii banatupaka."

Hakuwa na ubaya kusema ni ya kutupwa, na Papa kwetu ni heshima kwa mwanamume yeyote mzima. Vipuri vya saa za namna hiyo haviuzwi Kalemie, na hata ukivipata, kila kiwanda cha kuiga kina vipimo vyake. Nilirudi nyumbani na badala ya kuitupa nikakaa nayo dirishani, penye mwanga, nikaufungua mgongo wake kwa kisu cha jikoni.

Nilitegemea kukuta uchafu. Nilikuta magurudumu madogo yamepangwa vizuri, vijiwe vyekundu kama mbegu za pilipili, na springi nyembamba kama unywele imejizungusha bila kujigusa. Maisha yangu yote nimeangalia vitu vidogo kupitia kioo, na karibu kila nilichokiona kilikuwa habari mbaya kwa mtu fulani. Hapa nilikuwa nikiangalia kitu kidogo ambacho hakikumdhuru mtu. Papa aliniita kula nikasahau kuitika.

Jirani yetu ni mama mfanyabiashara anayevuka ziwa. Anapeleka vitenge vyetu Kigoma na kurudi na sabuni, sahani na ndoo za plastiki. Nilimfungia ile saa ndani ya bendeji safi nikamwomba aulize huko kama kuna fundi anayeziweza. Zikapita siku nyingi. Mchana mmoja, nikiwa nimetoka kazini, simu ikaita kwa namba ya Tanzania.

"Wewe ndiye mwenye saa ya kijani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Njo mimi, Mama."

"Na aliyeifungua kwa kisu ni nani?"

Nikasogea pembeni mwa barabara.

"Nauliza maana nimekuta mikwaruzo utafikiri imeparurwa na paka."

"Njo mimi vilevile, Mama. Ilikuwa haitembei."

Akacheka, kicheko cha mtu asiyejizuia. "Kwanza saa haitembei, haina miguu. Kwetu tunasema imesimama. Pili, mimi si mama yako, sijafika huko. Niite dada."

Nilimweleza kwamba kwetu Mama ni heshima, hata msichana wa shule tunamwita hivyo. Akasema kama ni heshima basi nimwite fundi, kwa kuwa ndiyo heshima aliyoitolea jasho. Kibanda chake cha saa alikuwa ameachiwa na baba yake, karibu na soko la Kigoma, na kaka zake hawakukitaka.

Tatizo la saa yangu lilikuwa kile kijiti kinachoshika kifundo cha pembeni, cha kuzungushia mishale: kilikuwa kimeota kutu, na mpira unaozuia maji ulikuwa umekatika. "Naweza kukutengenezea nikairudisha," alisema. "Au nikutumie kipuri ukifunge mwenyewe. Maana naona una mikono inayokuwasha."

Nilichagua kipuri. Kikafika ndani ya kichupa cha dawa, kimelazwa kwenye pamba, pamoja na saa yangu. Nikampigia simu, nikaiweka mezani sauti ikiwa wazi, naye akaniongoza. Nilipomwambia nimeshika turnevisi akauliza hiyo ni mnyama gani. Nilipomweleza akasema, "Ah, bisibisi! Sasa izungushe kidogo tu. Ukisikia inakataa, usiilazimishe." Papa alikuwa ameketi pembeni akisikiliza. Mshale wa sekunde ulipoanza kuzunguka niliiweka ile saa sikioni mwake, akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza, "Ule mama njo nani?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika jambo ambalo wenzangu hospitalini waliliona kama ugonjwa. Nilianza kukusanya saa za kuiga zilizokufa. Kalemie zipo nyingi kuliko mtu anavyodhani: vijana waliozivaa kwenye harusi mpaka rangi ya dhahabu ikabanduka, makarani wa bandari, mabwana wa zamani wa kuvaa vizuri ambao sasa wamebakiwa na suti moja. Walinipa bure, wengine wakinicheka. Katika kila moja nilitafuta kitu kilicho kizima. Hii ina mkanda mzuri lakini mashine imeoza. Ile mashine inapumua lakini uso umepasuka. Nyingine ilikuwa na saa ndogo tatu usoni, na nilihangaika nayo Jumamosi nzima nikitaka zizunguke, mpaka fundi wangu wa Kigoma akaniomba picha.

"Kaka," alisema baada ya kuiangalia, "hizo zimebandikwa tu. Hazijaunganishwa na kitu. Unamtekenya maiti."

Nilicheka mpaka machozi.

Yeye alinipatia vile nisivyoweza kuvipata: mipira, vijiti, kisahani cha tarehe chenye maandishi yanayolingana. Vingine aliviagiza Dar es Salaam, vingine alivitoa katika makopo ya baba yake. Mimi nilimtumia vitenge, kwa kuwa vya Kongo wanavipenda sana upande ule. Mama jirani alikuwa akibeba vyote viwili, na kila mara alinitazama kwa jicho la kusema anajua asichoambiwa.

Maana mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuhama. Sikumbuki yalihama lini. Tulikuwa tukianza na saa: nimefika wapi, gurudumu lipi linakwaruza. Halafu aliniuliza nimekula nini. Halafu akaniambia kuhusu mume wake wa zamani, dereva, aliyemwacha kwa sababu alikataa kukifunga kibanda. Nikamwambia kuhusu mke wangu, jinsi alivyokuwa akiimba akipepeta mchele, na jinsi nilivyokaa miaka bila kuweza kununua mchele usiopepetwa. Hakusema pole. Aliuliza, "Alikuwa anaimba nini?" Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza hilo.

Nilipopata likizo nikavuka.

Papa nilimwachia dada yangu, aliyekuja kutoka Moba kwa ajili hiyo, nikapanda boti na mama jirani na marobota yake. Asubuhi vilima vya Kigoma vikatokea mbele, na mimi nikaanza kuona aibu ya mashati niliyochukua. Nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Kibanda chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyokijenga kichwani, cha mbao, na yeye alikuwa mrefu kuliko nilivyomjenga. Alikuwa na kioo cha fundi kimemkaa jichoni. Hakukitoa. Alinitazama hivyohivyo, jicho moja kubwa na jingine dogo.

"Mikono," alisema.

Nikanyoosha mikono. Akaikagua, huku na huku, kama muuguzi.

"Haya. Kaa."

Kwenye benchi lake palikuwa na nafasi ya pili, alipokuwa akikaa yeye zamani baba yake alipokuwa hai. Nikakaa. Nilikuwa nimekuja na vitu: kasha la chuma nililoletewa kutoka Lubumbashi, mkanda niliouvua kwenye saa ya karani mmoja wa bandari, uso wa buluu usio na doa. Yeye alikuwa na mashine nzima, aliyoiweka akiba. Tulipanga kuijenga saa moja kwa vipande vyetu, na tuliijenga kuanzia asubuhi mpaka alasiri, tukisimama tu wateja walipokuja. Wengine walibadilisha betri na kwenda zao. Mzee mmoja aliuliza, "Huyu ni nani, fundi?" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Ni fundi mwenzangu, kutoka Kongo."

Kazi ya mwisho ni kuweka mishale. Ukiigusa vibaya inapinda, na ukipumua inaruka. Alishika kasha mimi nikashusha mshale wa sekunde. Vichwa vyetu vilikaribiana mpaka nikasikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye nywele zake, chini ya mtandio. Mshale ulikaa. Hakuna aliyesogea haraka.

Jioni tulikula samaki, mgebuka, na ugali. Nilisema kwetu tunaita mukebuka, akasema hata samaki mnamwongezea herufi. Halafu tulitembea mpaka stesheni, kwa kuwa Papa alikuwa amenituma nikaangalie kama gari la moshi la upande ule bado linatembea. Tulisimama pale kwenye mwisho wa reli. Yeye ndiye aliyelianza jambo lenyewe.

"Bakia," alisema.

Nikadhani amemaanisha siku mbili tatu.

"Bakia kabisa. Benchi umeliona. Hospitali hata hapa zipo, wanatafuta watu wa maabara. Kaka zangu watapiga kelele kwamba dini zetu ni mbili, wapige. Mimi si msichana."

Nilitazama zile reli. Nilitaka kusema ndiyo, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Papa yangu," nilisema.

"Mlete."

"Nitamwuliza."

"Mwulize vizuri," akasema. "Usimwulize kama mtu anayetaka akatae."

Nilimwuliza vizuri. Niliporudi nilikaa naye barazani, nikamweleza kuhusu stesheni kwanza, jambo lililomfurahisha, kisha nikamweleza lile lingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Papa si mtu mkali.

"Mwanangu, ule mama ni muzuri. Hata sauti yake nasikia ni ya muntu muzuri," alisema. "Wewe enda. Mimi nitabaki."

"Utabaki na nani, Papa?"

"Na mama yako. Iko hapa." Alielekeza kidole upande wa makaburi, na ingawa macho yalikuwa hayaoni tena, hakukosea. "Hii nyumba naitembea bila macho. Kule kwa batu nitakuwa mutoto, banishike mukono mpaka kwa choo."

Dada yangu ana watoto wake Moba na mume asiyetaka mzee ndani ya nyumba. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilijua hivyo kabla sijauliza, nadhani hata pale stesheni nilijua.

Nilimpigia fundi wangu nikamweleza, basi yeye akavuka. Alikuja kiangazi, na akakaa kwa mama jirani ili watu wasiseme. Kila siku alikuja kwetu. Alikuta meza yangu dirishani, akazipanga upya koleo zangu, akatupa mafuta niliyokuwa nikiyatumia, akasema ni ya cherehani. Alikaa na Papa saa nyingi kuliko alivyokaa na mimi. Papa alimsimulia habari za injini za zamani, naye aliuliza maswali ya kweli, kuhusu breki, kuhusu nani alikuwa akizitia mafuta, na Papa akawa kama amevuliwa miaka. Nilipotoka kazini niliwasikia tangu barabarani.

Nilimtembeza. Nilimwonyesha mto Lukuga unapotoka ziwani, na mitaa ya pwani ambako maji yalipanda yakameza nyumba, kuta zikiwa bado zimesimama ndani ya maji. Siku hizo habari za vita vya kaskazini zilikuwa katika kila redio, na kila aliyeshuka kwenye boti alishuka na uvumi wake. Hakuonekana kuogopa. Kilichomshika kilikuwa kingine, na alikisema wakati tunarudi.

"Nina wadogo zangu wawili shuleni. Kibanda ndicho kinachowasomesha. Nikikifunga, kaka zangu watawaoza wasichana mapema, nawajua."

"Wakimaliza?"

"Wakimaliza nitakuja. Au mzee..." Akakatisha. Akashika mkono wangu, pale barabarani, mbele ya watu. "Hapana. Sitaki kulisema hilo. Mungu ampe umri."

Hilo ndilo lililokuwa kati yetu tangu siku ile. Mlango wangu wa kwenda Kigoma ulikuwa mmoja, na sikutaka ufunguke. Nilikuwa nikimwogesha Papa, nikimkata kucha, nikimsomea majina ya waliotangazwa redioni kuwa wamekufa, ambao nusu yao aliwajua, na ndani yangu nilimtamani mtu aliye upande wa pili wa maji kiasi cha kushindwa kula. Vyote viwili vilikaa ndani ya kifua kimoja. Sikumwambia mtu.

Tuliendelea na simu. Vipuri viliendelea kuja. Lakini kuna kipindi mpaka ulifungwa, boti zikakaa, na mtandao wetu ukawa unakatika kila siku. Ulipofunguliwa, tulikuwa tunaongea kama watu wanaojaribu mlango uliovimba kwa mvua. Alikuwa na wateja zaidi. Mimi nilikuwa na zamu zaidi. Siku moja, Jumamosi, nikiwa mezani, alipiga.

"Upo peke yako?"

"Papa iko nje."

"Kaka," alisema, na hakuwa ameniita hivyo kwa muda mrefu, "kuna mtu ameleta posa."

Nilikuwa nimeshika mashine wazi kwenye kiganja. Niliiweka chini.

"Muntu wa namna gani?"

"Mwalimu. Amefiwa na mke. Mpole. Amekubali kibanda kibaki, na amekubali wadogo zangu."

"Unamupenda?"

Nikasikia bisibisi ikiwekwa mezani.

"Nitampenda," alisema. "Nimechoka kukaa benchi peke yangu. Ukiniambia niseme hapana, nitasema hapana. Ndiyo maana nimepiga."

Nje Papa alikuwa akizungumza na muuza mkaa. Nilimsikia akicheka. Nilifikiri nimwambie asubiri. Ningemwambia asubiri nini?

"Sema ndiyo," nilimwambia.

"Una hakika?"

"Hapana. Lakini sema ndiyo."

Alilia, nami nikalia, na kwa kuwa sisi sote ni watu wa kazi ya mikono, baada ya kulia akaniuliza kile kisahani cha tarehe kilikaa sawa. Nikasema kilikaa. Akasema vizuri. Ndiyo simu yetu ya mwisho ya namna ile.

Mume wake si mtu mbaya. Hakumkataza kitu. Fundi wangu mwenyewe ndiye aliyeona haifai tuendelee, akaniambia hivyo kwa ujumbe mfupi wa sauti, wa adabu, uliojaa dua kwa ajili ya Papa. Sasa vipuri naviagiza Lubumbashi kwa kijana anayeuza kila kitu, na ananiletea vitu visivyolingana, nami navisugua kwa msasa mpaka vilingane. Bado napenda kazi yenyewe. Wiki iliyopita nilifufua saa ya muuguzi mmoja, kopi ya kopi, uso wake ukiwa na jina la kampuni limekosewa herufi, na nilipoona springi imeanza kupumua nilifurahi kama siku ya kwanza. Nikainua kichwa nimwambie mtu.

Papa yupo. Amekuwa mwepesi kama mtoto, na anakula vizuri. Mara nyingine anauliza, "Ule mama wa Kigoma anaendelea?" Namjibu anaendelea. Anasema, "Umusalimie," nami nasema nitamsalimia.

Juzi nilikwenda bandarini kumsaidia mama jirani kushusha mizigo yake. Nilisubiri mpaka mabegi yamefika chini, kisha nikamwuliza, kama ninayeuliza bei ya sabuni, kama alipita kule kibandani.

"Nilipita," alisema. "Iko muzima. Iko na mimba, karibu kuzaa. Ananenepa! Na kibanda wamekipaka rangi, kinang'aa."

"Rangi gani?"

Alinitazama, jasho likimtiririka, mchukuzi mmoja akimvuta kwa upande huu akidai hajapewa haki yake.

"We, Papa," akasema. "Sikuangalia."

Nikabeba ndoo zake begani, zilizopangwa moja ndani ya nyingine, tukapanda barabara ya kwenda kwetu.